Barua kwa mwanangu: samaki hawajui tarehe ya marejesho

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa juu ya tuta nasubiri maji yatoke. Na yale mahesabu uliyotuma kwenye simu ya mdogo wako, amenisomea yote mstari kwa mstari. Umeuliza kwa nini mwaka wa 11 huu tuna mabwawa mawili tu, wakati ardhi ipo, bahari ipo, na wewe una akiba ya kutosha kuanzia mkopo. Unataka tufikishe mabwawa manane, manne kati ya hayo yachimbwe pale penye mikoko nyuma ya kijito, tufuge na kamba, tutundike na chaza pale mto unapoingilia baharini. Ukamalizia, "Mama, mnaogopa nini?"

Sijakasirika, baba. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Nianze na hesabu zako. Mdogo wako alisoma vifaranga vya samaki 12,800 vinaingia, akateremka chini akasoma samaki 12,800 wanauzwa, nikamwambia arudie. Akarudia. Kwenye hesabu yako hakuna hata samaki mmoja aliyekufa! Hakuna ndege mnandi, hakuna kenge, hakuna kaa aliyetoboa tuta usiku, hakuna mjomba wako aliyepita "kuonja" na ndoo. Bwawa letu moja ni mita 40 kwa 20. Tunapandikiza samaki wetu, mwatiko, 1,600, wawili kwa kila mita ya mraba. Tukivuna 1,100 nasema alhamdulillahi, na kwa miezi minane mmoja anafika gramu 300 hivi. Hizo ni kilo 330. Andika hiyo, halafu uwarudie watu wa benki.

Na hivyo vifaranga 12,800 unavitoa wapi? Mwatiko hatagi bwawani mwetu. Anataga huko nje baharini, na watoto wake wanaingia kwenye vijito na maji ya bamvua, yale yanayojaa sana. Maji yakipwa wanabaki kwenye vidimbwi, na sisi tunawafuata na beseni. Ulikuwa mdogo nilipokuonyesha ukasema beseni ni tupu, kwa sababu mwili wake unapitisha mwanga kama maji, unachoona ni macho mawili meusi yanaogelea peke yake. Unguja kuna kituo cha kuzalishia vifaranga pale Beit el Ras, lakini sisi huku Mkinga, Tanga, bado tunategemea bahari. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, na miezi ya vifaranga si yote. Mwaka jana, wanawake sita, bamvua nne, tulipata vya kujaza mabwawa mawili na vya kumgawia jirani kidogo. Mwaka juzi hatukujaza hata moja na nusu. Sasa ukichimba mengine sita utayajaza nini, vyura?

Usije na wazo la kutumia chandarua kukomba kijito kizima. Kwenye beseni moja la mwatiko wanaingia watoto wa chewa, wa changu, wa kamba. Tunakaa tumechutama kwenye tope tunawachagua kwa kikombe na kuwarudisha. Mgongo unauma, lakini hao ndio samaki wa kaka yako anayevua nje ya mwamba.

Nije kwenye mikoko, maana hapo ndipo uliponigusa.

Unalikumbuka bwawa la kwanza, lile la upande wa kusini mlilokuwa mkilichezea mpira lilipokauka? Hukuwahi kuambiwa kilichotokea. Baba yako, Mungu amrehemu, alilichimba mahali palipokatwa mikoko zamani na wachoma mkaa. Udongo ulitoka mweusi, unanuka yai viza. Tukafurahi, tukajua ni rutuba. Tukapanga matuta vizuri, yakakauka kaskazi nzima. Kufika Machi yale matuta yameota kutu, na humo ndani ya kutu kuna mabaka ya manjano kama mtu amemwaga bizari. Hatukujua kusoma ile rangi. Tukajaza maji, tukaweka samaki wetu 900 wa mwanzo.

Mvua ya kwanza ya masika ilinyesha usiku. Asubuhi baba yako aliniita nikaone, na alikuwa anacheka: maji yalikuwa yameng'aa, unaona mpaka chini, kijani chote kimeondoka. Akasema, "Maji yamejisafisha." Kufika adhuhuri samaki wakaanza kuja pembeni, matamvua yao yamejaa ute, wanageuka ubavu mmoja mmoja. Tuliwazika kwenye shimo la mnazi. Hata paka hakuwataka.

Afisa uvuvi aliyekuja baadaye ndiye aliyetueleza. Udongo wa mikoko una salfa iliyoshikana na chuma. Ukiwa chini ya maji umelala, hauna neno. Ukiufukua ukapata hewa, unageuka tindikali, na mvua ikipiga tuta inaisukuma yote bwawani. Maji yanang'aa kwa sababu hakuna kinachoishi ndani yake. Dawa yake ni chokaa ya kilimo magunia kwa magunia, na kulijaza bwawa na kulimwaga tena na tena, pengine miaka. Hatukuwa na fedha hiyo. Tulibomoa lango la maji tukaliachia bahari, na leo mchu, mkoko wa aina yake, umeota humo wenyewe, mrefu kuniliko. Kwa hiyo siku ukitaka kujua kiwanja kinafaa, usipime ukubwa wake kwanza. Chukua udongo wa kina cha bwawa, utandaze mwembamba uwe na unyevu, ukae wiki kadhaa, kisha uupime kwa karatasi ya tindikali. Namba yake ikishuka chini ya 4, mpigie mwenye kiwanja umshukuru uondoke.

Ndiyo maana mabwawa ya sasa yako kwenye uwanda wa chumvi, nyuma ya mikoko na si ndani yake. Hiyo mikoko unayoiona imekaa bure ndiyo inayovunja mawimbi ya kusi yasilambe matuta yetu, na vifaranga navyo vinakulia kwenye mizizi yake. Isitoshe ni msitu wa hifadhi, ukiingia na panga bila kibali watu wa TFS, wakala wa misitu, watakuja na gari, na sina nguvu ya kukuletea chakula mahabusu.

Hasara ya uwanda wa chumvi ni kwamba uko juu. Maji mapya yanatufikia siku chache za bamvua tu. Maji mafu, yale yasiyojaa sana, yakiingia tunabaki na yaliyomo bwawani, kama nyumba yenye pipa moja. Na samaki hawafi mchana, mwanangu. Ule ukijani wa maji unaotoa hewa jua likiwaka, usiku nao unavuta hewa ile ile pamoja na samaki, na saa mbaya kuliko zote ni saa 10 alfajiri. Mara mbili nimewakuta midomo juu, bwawa zima linalia kama watu wanakunywa uji wa moto, na lango liko wazi lakini bahari iko mbali huko chini. Mara ya pili ndipo tulipojua kwamba kosa halikuwa la usiku ule. Nilikuwa nimemwaga mbolea ya kuku siku tatu kabla, kwa sababu nilitaka wanenepe wawahi Idi.

Siku hizi natumbukiza mkono. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, ukijani umezidi, hapewi mtu mbolea wala pumba mpaka upungue. Mdogo wako ameninunulia kipimo cha hewa chenye namba. Kizuri, betri zikiwepo.

Kamba sitaki. Hiyo nakwambia moja kwa moja. Wewe ulikuwa hujazaliwa watu walipotaka kugeuza hekta kama 10,000 za delta ya Rufiji kuwa mashamba ya kamba. Serikali ilikubali mwaka 1997, wanakijiji wakaenda mahakamani, na mpaka leo hayakujengwa. Wakati ule nilidhani Warufiji wale wanakataa maendeleo. Baadaye nikasikia ugonjwa wa madoa meupe uliomaliza kamba wa Asia miaka ya 1990 umefika Msumbiji mwaka 2011, na Madagaska mwaka uliofuata. Wale walikuwa na maabara na wataalamu, na kamba waliwafia bwawani. Kamba anataka chakula cha kununua, tena chenye protini nyingi, na kwetu protini hiyo ni dagaa ambao binadamu anawala. Mwatiko anakula ule utando wa kijani unaoota chini ya bwawa, nikimwongezea pumba kidogo. Wajava wamemfuga hivyo kwa mamia ya miaka. Miba anayo, sikatai, ila chakula chake hakinipeleki dukani kila Jumatatu.

Chaza ni wazo zuri ulilolipeleka mahali pabaya. Chaza hana gharama ya chakula kwa sababu anachuja maji na kula kilichomo, lita nyingi kwa siku. Sasa fikiria pale mto unapoingilia, masika, vyoo vya huko juu vikifurika. Anachuja na hivyo pia, anaviweka tumboni, halafu mtalii wako anamminyia ndimu na kummeza mzima. Mtu mmoja akilazwa, kijiji kizima hakiuzi chaza mwaka ule. Tafuta ghuba yenye maji yanayotembea, mbali na nyumba, maji yapimwe kwanza masika na kiangazi, na kabla ya kuuza wakae kwenye maji safi wajitapishe. Ukiweza hayo nitakusokotea kamba za kuwatundikia kwa mkono wangu.

Sasa fedha yako. Mkopo unaoutaka unalipwa kila mwezi, na mwatiko analipa baada ya miezi minane. Miezi saba ya katikati utalipa kwa mshahara wako, au utavuna samaki wa gramu 120 kwa sababu tarehe imefika, na wachuuzi wa soko la samaki la Deep Sea wana pua, wananusa mtu mwenye deni akiwa bado kwenye bodaboda. Usikope. Hiyo akiba yenyewe inatosha kwa vitu vitatu ninavyovililia.

Cha kwanza ni kasha kubwa la barafu na usafiri wa barafu yenyewe. Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Mavuno ya mwezi wa pili nilikuwa nayo nusu, jua likanikuta njiani, nikauza sehemu iliyobaki kwa bei ya ng'onda, samaki wa kukausha. Fedha niliyopoteza siku ile ingejenga lango.

Cha pili, kidimbwi kidogo cha kulelea vifaranga. Tukivikuza miezi miwili kabla ya kuvipeleka kwenye bwawa kubwa, mnandi hatawameza kirahisi, na mwaka wa vifaranga vingi tutaweka akiba ya mwaka wa vichache. Hapo ndipo uwezo wa bwawa la tatu utatoka.

Cha tatu ni kaa. Wavuvi wanaleta kaa wepesi, waliojivua gamba karibuni, na mnunuzi anawakataa. Nishike mkono nikuonyeshe: bonyeza kwa chini, karibu na mguu wa mwisho. Gamba likibonyea, ndani ni maji. Huyo tunamnunua rahisi, tunamweka kwenye kizimba cha mbao kijitoni, kila mmoja na chumba chake kwa sababu kaa humla mwenzake, tunampa matumbo na vichwa vya samaki kutoka mwaloni kila jioni, na wiki tatu au nne amejaa nyama. Fedha ya kaa ndiyo ya kulipia mlinzi na pumba wakati mwatiko anakua. Vyumba 60 vinatosha kuanzia. Mwenye mayai ya rangi ya chungwa tumboni hanunuliwi kwa bei yoyote, anarudi, na wadogo wanarudi, na nitakuwepo mlangoni kuangalia.

Vibali na kodi tutazungumza ukija, mdogo wako anavijua kuliko sisi.

Tunavua bwawa la pili bamvua ya mwezi mpevu ujao. Omba ruhusa siku tatu. Utashika ncha ya wavu upande wa lango, ambako tope linafika gotini, kisha jioni tutapima na utaandika namba mwenyewe kwenye hesabu zako, pamoja na waliokufa. Njoo na mzani mzuri, huu wetu umeanza kumpendelea mnunuzi. Na vile viatu vyeupe viache Dar.

Mama yako