Wanawake walioushitaki utumwa mahakamani

Mwalimu, umeuliza ni mwanamke gani mwingine aliyepinga utumwa Marekani uwasimulie wanafunzi wako wa hapa Moshi, kwa kuwa Harriet Tubman wanamfahamu tayari. Ningemchagua Elizabeth Freeman, mtumwa ambaye hakujua kusoma, lakini aliposikia kwamba katiba ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1780 inatamka kuwa watu wote huzaliwa huru na sawa, alimwendea mwanasheria Theodore Sedgwick, akafungua kesi pamoja na mtumwa mwenzake Brom, na mwaka 1781 mahakama ikawapa uhuru pamoja na fidia ya shilingi 30 (kiasi kidogo mno, kwa maoni yangu). Sojourner Truth naye, aliyewahi kuwa mtumwa, mwaka 1828 alishinda kesi ya kumrejesha mwanawe Peter, aliyeuzwa Alabama kinyume cha sheria ya New York.