Kuchagua mji wa gemu: chukueni mtaa mmoja wa Bagamoyo, mji mzima uacheni

Mkuu, umesema mko watatu, mnatumia Godot, injini ya kutengenezea gemu, na mnasitasita kati ya Tanga na Bagamoyo. Chukueni Bagamoyo, tena mita 200 tu za Mtaa wa India na vichochoro vinavyoteremkia pwani.

Sababu ni boriti. Dari za nyumba kongwe zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo si ndefu sana, kwa hiyo vyumba vingi upana wake hauzidi mita 2.5 hadi 3. Chumba hurefuka, hakipanuki. Kwenu hiyo ni neema: tengenezeni kipande cha ukuta cha mita 3 chenye mlango, cha dirisha, kitupu, kilichobanduka chokaa, na cha baraza. Vipande 12 hadi 15 vikipangwa vizuri vinatoa mtaa mzima. Unene wa ukuta uwe kama nusu mita. Wengi huuchora mwembamba kama wa tofali za saruji, mlango unakosa kina, na nyumba inaonekana ya boksi. Chokaa ibanduke zaidi chini, maana unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini. Nakshi za milango msizichonge kwenye modeli. Bandikeni picha, simu za watu zisikwame.

Ubaya wa boriti hizohizo: kamera inayomfuata mchezaji kwa nyuma itagonga ukuta kila akigeuka. Ndani tumieni kamera iliyotulia pembeni, au ondoeni dari mtazame kutoka juu.

Tanga ina Ngamiani yenye barabara za namba, rahisi kupanga, lakini zimenyooka. Mchezaji anaona mbali, na injini inalazimika kuchora vyote anavyoviona.

Kupima: mitaa itoeni OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mkiitaja kama leseni yake inavyotaka. Data ya SRTM, yaani vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani, achaneni nayo. Nukta zake zinaachana mita 30 hivi, kichochoro kinapotea humo. Futi kamba itawafaa zaidi. Picha za kuta pigeni siku ya mawingu, kila picha irudie asilimia 70 hivi ya iliyotangulia. Jua likiwaka, kivuli kinagandia ukutani na kitabaki hapo hata gemu likiwa usiku. Nyumba ya mtu, piga hodi kwanza.

Jua lichomoze baharini, na giza liingie upesi. Maji nayo yasisimame. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, basi siku ya gemu ikiwa dakika 24, mzunguko ni dakika 12 na sekunde 25. Maji yakipwa, mashua zilale ubavu mchangani. Hapo mmepata na njia ya siri bila kujenga chochote.

Kaole, kwenye magofu ya kale, iko kilomita 5 hivi kusini. Mchezaji akikimbia mita 5 kwa sekunde atatumia zaidi ya dakika 16 akipita minazi. Ifanyeni hatua ya pekee.

Na amueni mwaka mapema. Hadithi ikiwa ya vita vya Abushiri, 1888 na 1889, Boma la Wajerumani lisionekane kabisa, maana lilijengwa 1897. Waya za umeme nazo zifuteni kwenye picha kabla hamjabandika.