Wadogo zangu wa chumba cha filamu za magazeti ya zamani, anzeni na jedwali la mechi

Wiki hii nimekutana tena na kosa lilelile la historia ya besiboli. Kijana wetu mpya, hodari kweli wa kuchimba magazeti, ameandika kwamba Toledo Blue Stockings, timu ya Ohio, ya 1883 ilicheza ligi kuu. Sikumgombeza. Nilianza hivyohivyo.

1. Mwaka 1883 Toledo ilikuwa Northwestern League, ligi ndogo, ikabeba ubingwa. American Association, ambayo ndiyo ligi kuu, ni 1884. Ukikosea hapo, hata takwimu za Fleet Walker, mchezaji mweusi wa Toledo, zinakwenda upogo: zile mechi zake 42 za ligi kuu ni za 1884.

2. "Northwestern" ya enzi hizo ni Ohio, Michigan, Indiana na Illinois. Kuna mmoja wenu aliniomba ramani ya Oregon, kaskazini-magharibi ya leo. Simtaji.

3. Gazeti la Jumamosi linasimulia mechi ya Ijumaa. Tarehe juu ya ukurasa siyo ya mechi, jamani!

4. Hili la nne bado linaniuma. Nilialikwa kuwasimulia Waswahili wenzangu hapa Ohio habari ya tarehe 10 Agosti 1883, siku timu ya Chicago ya nahodha Cap Anson ilipokuja Toledo kwa mechi ya kirafiki na Anson akagoma kucheza na mtu mweusi. Nilijua Walker ni mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, na wadakaji wa wakati ule walidaka kwa mikono mitupu au glavu nyembamba. Basi nikajaza mwenyewe: Walker kachuchumaa nyuma ya mpigaji, vidole vimevimba, Anson anamkodolea macho. Nikaigiza na kuchuchumaa. Mama mmoja alifuta machozi, nami kichwa kikavimba.

Walipomaliza kupiga makofi, mzee mmoja wa nyuma akanyanyua mkono, mpole kabisa: "Mwanangu, jedwali la mechi umelisoma?" Sikuwa nimelisoma. Nilisoma habari, jedwali lenye majina na nafasi za wachezaji nikaliruka kwa sababu maandishi yake ni kama mchanga. Akanitolea nakala mfukoni, imekunjwa mara nne. Walker: uwanja wa kulia, mbali kabisa na mpigaji.

Kumbe mikono yake ilikuwa mibovu na siku hiyo alikuwa apumzike. Anson angenyamaza, Walker angekaa benchi. Ila alivyokuja juu, meneja Charlie Morton akamwingiza Walker kwa makusudi, akamwambia Anson: usipocheza, mgao wa hela za viingilio huuoni. Anson akacheza. Chicago ilishinda 7-6 baada ya ingizo (zamu za kupiga) 10, lakini hela ndiyo iliyomnyamazisha. Utamu wote wa kisa uko kwenye hiyo nafasi ya uwanja wa kulia, na mimi niliufuta kwa uvivu wa macho. Mpaka leo yule mzee akiniona ananiita "mdakaji".

5. Msichanganye siku hiyo na 14 Julai 1887 kule Newark. Huko Walker alikuwa na mrushaji mweusi mwenzake George Stovey, hawakucheza dhidi ya Anson, na siku hiyohiyo wakuu wa International League, ligi ya Newark, walikaa Buffalo wakapitisha kwamba wachezaji weusi wasipewe mikataba mipya. Toledo Anson alishindwa kumzuia Walker. Newark alipata alichotaka. Miaka minne tu imepita hapo katikati.

6. Rudisheni filamu kwenye boksi lake. Juzi nimefungua la Agosti 1883 nikakuta Desemba.