Watoto wa paka wanakufa mfululizo kituoni: je, wamelishwa sumu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na wenzangu wawili tunahifadhi paka wa mitaani hapa Tanga, katika nyumba aliyotuachia bibi yangu. Wamefika thelathini na kitu. Mwezi uliopita tuliletewa paka jike kutoka sokoni na watoto wake watatu. Mmoja anayumba akitembea na kichwa kinamtikisika akisogelea chakula, ila ni mchangamfu. Haikupita muda, watoto wengine tuliokuwa nao wakaanza kukataa kula, wanatapika povu la njano, wanainamia bakuli la maji bila kunywa, wengine wanaharisha damu. Wanakufa ndani ya siku mbili. Paka wakubwa wote ni wazima. Jirani anasema tumetegewa sumu. Mwenzangu anauliza kama tuwape Panadol ya watoto maana miili ina joto. Tunadeki kila siku kwa dawa ya maji yenye harufu nzuri. Tufanye nini, na lini tutaweza kupokea wengine? Watu wanatuachia maboksi getini na nashindwa kuwakataa. Usiku najiuliza kama ni mikono yetu iliyowaua.

JIBU: Marahaba, dada, na poleni sana nyote watatu.

La kwanza kabisa: msiwape Panadol, hata tone moja. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja paracetamol. Chembe nyekundu za damu huharibika, fizi hugeuka rangi ya udongo au bluu, na paka hukosa hewa akiwa anapumua. Ya watoto na ya watu wazima ni dawa moja, na zote huua paka.

Sasa sumu. Sumu ya panya au ya wadudu haichagui umri. Ingewapata kwanza paka wakubwa wanaozurura nje, na mara nyingi ungeona mate mengi, misuli ikitetemeka au degedege, tena kwa saa chache. Kwenu wanaokufa ni wadogo waliofungiwa ndani, mmoja leo, mwingine keshokutwa. Hivyo ndivyo unavyotembea ugonjwa wa kuambukiza, na maelezo yako yananielekeza kwenye panlukopenia, ambayo wengi huiita parvo ya paka. Kirusi chake hushambulia seli zinazogawanyika haraka, yaani utando wa utumbo na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Utumbo ukichubuka, bakteria hupenya kwenye damu, na wakati huo askari wa kuwazuia hawapo. Ndiyo maana mtoto aliyecheza asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni.

Yule anayeyumba amenipa fununu kubwa. Kirusi hiki kikimpata mama akiwa na mimba, huharibu sehemu ya nyuma ya ubongo wa mtoto, ile inayoratibu mwendo. Si sumu, na hali yake haitazidi kuwa mbaya. Ataishi maisha marefu akiyumba hivyohivyo, mradi mmuwekee bakuli zito na sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi. Ila inaonyesha kwamba huenda mama yake alikuja na ugonjwa huu bila dalili yoyote. Familia hiyo itengwe.

Uhakika utaupata kwa kipimo. Vile vipimo vya haraka vya parvo ya mbwa hukinasa pia kirusi cha paka kwenye kinyesi, na daktari wa mifugo anayehudumia mbwa huenda anavyo. Jibu hasi lisikutulize sana, kwa sababu mgonjwa anaweza kupimwa wakati kinyesi hakina virusi vya kutosha. Akifa mwingine, mzoga wake una jibu la kuaminika zaidi. Ufungwe kwenye mifuko miwili, uwekwe kwenye ndoo ya barafu bila kugandishwa, upelekwe siku hiyohiyo maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wako Temeke, Dar es Salaam, wapigieni kwanza.

Kwa wagonjwa, hakuna dawa iliyothibitika kuua kirusi chenyewe. Tunachofanya ni kumvusha mgonjwa mpaka mwili wake ujipiganie: dripu iliyopashwa joto, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki kwa ajili ya wale bakteria wanaopenya, na sukari ikishuka irudishwe. Hayo ni ya daktari. Ya kwenu ni joto, kwa chupa ya maji moto iliyoviringishwa kwenye khanga, na chakula kidogokidogo mara tu kutapika kunapotulia, kama samaki wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu. Msimmiminie maji mdomoni mtoto anayetapika, yataingia mapafuni. Anayevuka siku tano za kwanza kwa kawaida hupona, na kinga yake hudumu miaka mingi, pengine maisha yote. Lakini anaweza kuendelea kutoa virusi kwenye kinyesi kwa hadi wiki sita, kwa hiyo kupona kwake kusimfungulie mlango wa kuchanganyika na wadogo wengine.

Kwenye usafi ndiko nina wasiwasi zaidi, naomba nieleze kwa urefu. Kirusi hiki kinaweza kukaa hadi mwaka mzima sakafuni, kwenye mpini wa fagio, kwenye kandambili. Dawa nyingi za kudekia zenye harufu nzuri hazikigusi. Zile za fenoli, zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, ni hatari kwa paka wenyewe, maana hujilamba miguu. Kinachofaa ni klorini ya kufulia, kama Jik. Soma chupa: ikiwa ni asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja kwa vipimo 20 vya maji, kila siku upya, kwa sababu mwanga huidhoofisha. Klorini haifanyi kazi juu ya uchafu. Kwa hiyo osheni kwanza kwa sabuni, suuzeni mpaka mkojo uishe kabisa (mkojo na klorini hutoa mvuke mbaya), ndipo mpake klorini ikae mbichi dakika 10, kisha suuzeni tena na kukausha kabla paka hawajarudi. Msichanganye klorini na dawa nyingine yoyote. Maboksi, mazulia na mbao zilizochubuka zichomwe. Udongo wa uani hausafishiki, hivyo mtoto asiyekamilisha chanjo asikanyage hapo kwa mwaka mzima.

Mpangilio wa kazi nao ni dawa. Anzeni na wazima, kisha waliokaa karibu na wagonjwa, wagonjwa wawe wa mwisho, wakiwa na mtu wao, dera lake, viatu vyake na mabakuli yake.

Chanjo isingoje mlipuko uishe. Itafuteni chanjo hai (yenye virusi vilivyodhoofishwa) ya pamoja inayokinga panlukopenia na mafua ya paka, na apewe kila paka mzima aliyefikisha wiki nne, siku moja wote. Wenye mimba na walio chini ya wiki nne wasipewe chanjo hai, kwa sababu inaweza kudhuru ubongo wa watoto kama nilivyoeleza. Watoto warudie kila wiki mbili hadi tatu mpaka wafike wiki 20, maana kinga waliyonyonya kwa mama huizuia chanjo, na hakuna ajuaye siku inayoisha. Ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku nzima msiiamini.

Kuhusu mikono yenu, sitakudanganya: huenda ndiyo iliyobeba ugonjwa kutoka tundu moja hadi jingine. Mliwashika kwa sababu mlikuwa mnawalisha, na kirusi hiki hakionekani. Hata hospitali zenye vifaa vyote hupitiwa nacho. Lia, dada, na wenzako waacheni walie. Na mtoto akishakuwa wa baridi, hawezi kuinua kichwa na damu haikomi, mwiteni daktari amlaze usingizi wa mwisho kwa dawa bila maumivu kuliko kumwacha hivyo usiku kucha. Mzikeni kwa kina kirefu, kwani dawa hiyo hubaki mwilini na huua mbwa na mwewe watakaomfukua.

Geti lifungwe mpaka zitimie siku 14 tangu mgonjwa wa mwisho aonekane, kila mmoja aliyekaa karibu na wagonjwa awe hana dalili, na vyumba viwe vimeoshwa kama nilivyoeleza. Kumkataa mtoto wa paka leo ni kumwokoa, kwa sababu ndani kwenu ndiko kwenye kifo. Hata baada ya hapo, watu watatu na paka thelathini na kitu ni wengi mno kwa maoni yangu. Punguzeni kwa kuwahasi na kuwatafutia nyumba waliokwisha chanjwa. Atakayekuja na boksi, muombeni akae nalo kwake kwa wiki mbili. Mpeni chakula na mchanga, mfuateni huko na chanjo, yeye mwenyewe akiwashika kwa mikono yake, mbali na paka wenu.