Hermaness: maswali yenu kuhusu rasi ya kaskazini

Katika safu iliyopita niligusia Hermaness, rasi ya magenge marefu iliyoko ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unst, Shetland, huko Uskoti. Mmeniandikia wengi, na maswali yenu yamenifurahisha kwa sababu mahali penyewe napapenda kwa dhati. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Unst iko wapi hasa, na mtu anafikaje huko? (Msomaji wa Morogoro)

Shetland ni visiwa vilivyo baharini kati ya Uskoti na Norwei, na Unst ndicho kisiwa cha mwisho chenye wakazi kwa upande wa kaskazini katika Uingereza nzima. Wakazi wake ni mia sita hivi. Unapanda meli ya usiku Aberdeen na kushuka Lerwick asubuhi. Unaendesha gari kuelekea kaskazini, unavuka kwa feri hadi kisiwa cha Yell, unakikata chote, kisha feri ya pili inakushusha Unst. Barabara inaishia Burrafirth. Kuanzia hapo ni kwa miguu, kilomita 8 au 9 kwenda na kurudi.

Sehemu kubwa ya njia imetandikwa mbao, kwa kuwa ardhi ni tope jeusi la mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Tafadhali usitoke kwenye mbao. Mguu utazama, na zaidi ya hapo kuna ndege wanaotaga chini, kwenye nyasi zile zile ambazo ungezikanyaga. Unatembea muda mrefu ukiona majani na madimbwi tu, halafu nchi inakatika. Kelele na harufu ya mavi ya ndege vinakufikia kabla hujafika ukingoni. Ukichungulia, chini yako kuna ukuta wa mwamba ambao mahali pengine hufika mita 170, na kila palipo na upana wa kuweka yai, pamewekwa yai.

Ni kweli hakuna miti? Na jua linazama saa ngapi? (Mwanafunzi, Eldoret)

Miti karibu hakuna. Upepo wenye chumvi ya bahari unaiunguza, na kondoo wametafuna machipukizi kwa karne nyingi. Mwezi wa Juni jua huzama mnamo saa nne na nusu usiku na kuchomoza tena kabla ya saa kumi alfajiri, na katikati hapo giza halikamiliki. Desemba, siku zinapokuwa fupi kabisa, mwanga wa mchana haudumu hata kwa muda wa saa 6.

Shikamoo. Uliandika kwamba kuna ndege anayempiga binadamu kichwani. Ni kwa nini, na kwa nini wasimwondoe? (Msomaji wa Tanga)

Marahaba. Ni skua mkubwa, ambaye watu wa Shetland humwita bonxie. Ni ndege wa rangi ya kahawia, mwenye kifua kipana na mabawa yanayofika mita 1.3 yakikunjuliwa. Ukisogelea kiota chake, hupanda juu, hugeuka, halafu hukujia moja kwa moja usawa wa uso, na dakika ya mwisho huinuka kidogo na kukupitia utosini, mara nyingine akikuchapa kwa miguu. Wenyeji hukushauri unyanyue fimbo juu ya kichwa, kwa sababu hulenga kilicho juu zaidi. Ushauri ulio bora ni kurudi nyuma. Pale ni kwake, na kinda lake limejilaza majanini hatua chache kutoka ulipo.

Chakula chake nusu ni unyang'anyi. Humvizia ganeti, ndege mkubwa mweupe wa baharini, anayerudi na samaki tumboni, humkamata ncha ya bawa au mkia akiwa hewani, na kumvuta mpaka atapike. Pafini, ndege wa baharini mdogo kuliko yeye, bonxie humuua na kumla. Najua wengi wenu hilo litawakera, lakini sioni sababu ya kumchukia ndege kwa kula.

Kuhusu kumwondoa: walikaribia kabisa kumwondoa. Mwaka 1831 Hermaness zilikuwa zimebaki jozi 3. Watu walikuwa wamewapiga risasi na kuwauza wakiwa wamekaushwa, na mayai yao yalikusanywa. Familia ya Edmondston, iliyomiliki ardhi ile, ikakataza, na baadaye ikaweka mlinzi. Hakukuwa na sheria ya wanyamapori wala hifadhi wakati ule. Hifadhi ya taifa ya Hermaness ilitangazwa mwaka 1955, zaidi ya miaka 120 baadaye. Kwa katazo la familia moja, jozi zile 3 zilikuja kuwa mamia mengi, na Hermaness ikawa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya ndege huyu duniani. Uskoti peke yake ilikuwa na takriban asilimia 60 ya bonxie wote waliopo.

Nilisikia mafua ya ndege yamewamaliza. Hali ikoje? (Msomaji wa Kisumu, na wengine wawili)

Hawakumalizika, lakini wamepigwa vibaya. Ugonjwa uliwaingia bonxie wa Uskoti kiangazi cha 2021, na mwaka 2022 ukarudi kwa nguvu kubwa zaidi. Walikufa wakiwa wamelala majanini, kando ya madimbwi wanamooga kwa makundi, na wengi wanadhani ni katika madimbwi hayo hayo walikoambukizana. Hesabu iliyofanywa Uskoti mwaka 2023 ilikuta wamepungua kwa asilimia 76. Ndege huyu hutaga mayai 2 kwa mwaka na huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 7 hivi, kwa hiyo pengo kama hilo halizibwi kwa misimu miwili mitatu.

Ganeti nao walipungua. Hawa ni ndege weupe wenye mabawa ya karibu mita 2, kichwa cha manjano hafifu, ambao hujitupa baharini kutoka juu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hermaness walianza kuzaliana mwaka 1917, na mwaka 2014 zilihesabiwa jozi zaidi ya 25,000. Kwa kawaida jicho la ganeti ni la buluu hafifu sana, limezungushiwa mstari mweusi mwembamba. Waliougua wakapona, baadhi macho yao yamegeuka meusi. Watafiti waliligundua hilo kwanza kwenye kisiwa cha Bass Rock, kusini zaidi. Nikimtazama ganeti wa namna hiyo pichani, siwezi kupita haraka.

Pafini anakula nini, na mbona nasoma kwamba wanapungua hata bila ugonjwa? (Mwalimu, Iringa)

Hili, mwalimu, ndilo swali lililonifanya niandike safu hii yote. Magenge ya Hermaness yamejaa uhai, lakini chakula chote hutoka nje ya magenge. Kuna samaki mwembamba, wa urefu wa kidole au zaidi kidogo, anayejifukia mchangani usiku na kupanda kula vijidudu vya baharini mchana. Ana mafuta mengi. Pafini huwabeba wengi kwa pamoja, wamekaa mkingamo mdomoni, akiwabana kwa ulimi wenye miiba huku akiendelea kukamata wengine. Kinda lake ni moja tu, liko mwisho wa shimo la kina cha mkono mzima ardhini, nalo hulishwa hivyo kwa wiki 6 hivi. Samaki hao wakikosekana, pafini humletea samaki wengine wenye mifupa migumu na mafuta kidogo, na kinda hufa njaa huku wazazi wakiwa hawajapumzika.

Miaka ya 1980 hali hiyo ilionekana wazi. Uvuvi wa samaki hawa Shetland, waliokuwa wakisagwa kuwa unga na mafuta, ulifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya buabua wa aktiki, ndege wengine wa baharini wanaowategemea samaki hao, kushindwa kukuza makinda mwaka baada ya mwaka. Bahari nayo imezidi kupata joto, na vijidudu vya maji baridi ambavyo samaki hao huvitegemea vimesogea kaskazini. Machi 2024 Serikali ya Uskoti ilifunga uvuvi huo katika maji yake yote. Umoja wa Ulaya ulipinga, na mwaka 2025 mahakama ya usuluhishi ililiacha katazo la Uskoti lisimame. Mimi naliunga mkono bila kusita. Kuweka uzio na mbao kwenye rasi huku samaki wakichotwa mbele yake ni kulinda nyumba na kufunga jiko.

Kwetu Ras Kigomasha tuna mnara wa zamani wa taa. Huko je? (Msomaji wa Konde, Pemba)

Upo, na si juu ya rasi. Umesimama kwenye jabali la Muckle Flugga, baharini mbele ya Hermaness, mwamba wa kama mita 60 uliochongoka. Taa ya kwanza iliwashwa Oktoba 1854 kwa haraka, kwa ajili ya meli za kivita wakati wa Vita vya Crimea. Majira ya baridi yale yale mawimbi yalipanda hadi kwenye makao ya walinzi, juu kote huko, na ikadhihirika kwamba jengo la muda halitoshi. Ndugu David na Thomas Stevenson wakajenga mnara wa matofali, ukawashwa mwaka 1858. Walinzi waliishi humo kwa zamu hadi 1995, taa ilipoanza kujiendesha.

Wenyeji wana hadithi ya majitu mawili, Herma na Saxa, waliompenda nguva mmoja na kutupiana mawe kwa ajili yake. Jiwe moja likawa mwamba ule. Nguva akasema ataolewa na atakayemfuata hadi Ncha ya Kaskazini. Wote wawili hawakujua kuogelea.

Kuna nyoka? (Msomaji wa Kitui)

Hakuna, Shetland nzima. Mbweha pia hakuna, na ndiyo maana ndege wengi wanathubutu kutaga chini.

Assalaam aleikum. Huku Oman majira ya baridi tunaona baharini vindege vidogo vinavyozunguka juu ya maji kama pia. Vinatoka huko? (Msomaji wa Muscat)

Waaleikum salaam. Hao ni falaropu wenye shingo nyekundu, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Wanazaliana Fetlar, kisiwa jirani cha Unst, kwa jozi chache. Jike ndiye mwenye rangi kali, na dume ndiye anayeatamia. Wanaozaliana Skandinavia huja kwenu, Bahari ya Arabuni, kwa hiyo ilidhaniwa wa Shetland hufuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2012 dume mmoja wa Fetlar alifungwa kifaa kidogo cha kurekodi mwanga. Aliporudi mwaka uliofuata, kifaa kilionyesha kwamba alivuka Atlantiki, akashuka pwani ya Marekani, akapita Karibi na kukaa majira ya baridi katika Pasifiki, karibu na Ekwado na Peru. Hao wenu, basi, wametoka kaskazini ya upande wa pili. Wanazunguka vile ili kuvuta vijidudu kutoka chini hadi usawa wa mdomo, na ukiwa na darubini utaona wakividonoa kimoja kimoja.