Mwaloni wa kusini uani kwako: mambo ya kujua kabla hujashika koleo

Anayetoka Afrika Mashariki akahamia kusini mwa Marekani, Houston, Savannah au Jacksonville, huuona mti huu kabla hajaujua jina: mpana kuliko urefu wake, matawi yamejilaza kama ya mwembe wa kale, na Januari miti mingine ikiwa imebaki vijiti, wenyewe bado ni kijani. Ni mwaloni wa kusini, Quercus virginiana, na kwao ni ukanda wa pwani kuanzia Virginia, kupitia Florida, mpaka Texas. Kwenye vilima vya Texas ya kati yupo ndugu yake, Quercus fusiformis, mdogo kidogo ila mvumilivu zaidi wa ukame na baridi. Ukiwa San Antonio au Austin, muulize mwenye kitalu anakuuzia upi.

Anza na nafasi. Mwaloni uliokomaa hufika mita 12 hadi 24 kwenda juu, lakini mwavuli wake unaweza kupita mita 25 kwa upana, na mizizi hutambaa mbali zaidi ya hapo. Uache angalau mita 10 kutoka ukutani, na usiupande chini ya nyaya za umeme. Ukiupanda ukingoni mwa njia ya gari, utalipia saruji mpya siku mizizi itakapoibenua. Viwanja vingi vya mjini vinatosha mwaloni mmoja tu, na vingine hata huo mmoja haviuwezi.

Makosa mengi hufanyika siku ya kupanda, na dalili zake huja baada ya miaka kumi, hapo mwenye mti ameshasahau. Kubwa kuliko yote ni kuzika shina. Chini kabisa, mahali shina linapokutana na mizizi, mti hutanuka kama mguu wa tarumbeta. Hapo panatakiwa pabaki juu ya ardhi. Kwenye vyungu vya kitaluni pamefunikwa mara nyingi kwa sentimita kadhaa za udongo, hivyo ukiona shina limeingia ardhini nyoofu kama nguzo, chokoa kwa vidole mpaka mzizi mkubwa wa kwanza utokeze, na kina cha shimo ukipime kuanzia hapo. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, lakini lisilizidi kina. Ukichimba sana kisha ukafukia, udongo utatitia na mti utazama nao.

Mizizi iliyozunguka chungu usiionee huruma. Chukua msumeno wa mkono, uparue ukingo wote wa bonge, sentimita 2 au 3. Mzizi ulioachwa ukizunguka hunenepa na kulikaba shina. Rudishia udongo uleule uliouchimba, usitie mbolea wala mboji shimoni. Mche unaosimama wenyewe haufungwi kwenye mti wa kuegemea. Ukilazimika kuufunga, fungua ndani ya mwaka mmoja.

Maji hupimwa kwa unene wa shina: lita 7 hadi 8 kwa kila inchi moja ya kipenyo, kila unapomwagilia. Mche wa inchi 2 unataka lita 15, zimwagwe taratibu juu ya bonge lenyewe. Wiki mbili za kwanza kila siku, miezi miwili inayofuata kwa kuruka siku moja moja, kisha mara moja kwa wiki mpaka ushike. Mpira wa kumwagilia nyasi hautoshi, kwa sababu hulowesha juu tu. Ondoa nyasi kuzunguka mche, weka matandazo ya sentimita 5 hadi 8, na uyaache mbali na shina. Kile kichuguu cha magome kinachorundikwa shinani mbele ya maduka huozesha gome, hata kama kinapendeza macho.

Halafu soma lebo ya mbolea ya nyasi. Ile iliyochanganywa na dawa ya magugu hunyonywa na mizizi ya mti pia. Mwaka 1989 huko Austin mtu aliumwagia Treaty Oak, mwaloni wenye umri wa karne kadhaa, dawa ya magugu iitwayo heksazinoni. Theluthi moja tu ya mti ndiyo iliyopona.

Mwaloni mchanga hupenda kutoa vichwa, yaani mashina makuu, viwili au vitatu vinavyoshindana. Mahali vinapogawanyika, gome likibanwa katikati, ndipo hupasuka siku ya kimbunga. Chagua kichwa kimoja, vingine vifupishe, urudie kila baada ya miaka miwili au mitatu. Usikubali fundi anayefyeka matawi yote ya ndani na kuacha majani nchani tu, maana uzito wote huhamia mwishoni na tawi hukatika. Tawi nene hukatwa kwa hatua tatu: mkato wa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, mkato wa juu mbele yake kidogo, tawi lianguke, kisha kisiki kiondolewe nje ya shingo, ule uvimbe unaozunguka tawi linapotoka shinani, bila kuugusa.

Texas ina sharti la ziada. Usikate matawi ya mwaloni kati ya Februari na Juni, na mwezi wowote utakaokata, paka kidonda rangi papo hapo. Sababu ni mnyauko wa mwaloni, ugonjwa wa kuvu ambao mbawakawa wadogo hubeba wakifuata utomvu wa kidonda kibichi. Ukishaingia husafiri chini kwa chini, kwa kuwa mizizi ya mialoni jirani huungana. Unaweza kusogea zaidi ya mita 20 kwa mwaka. Angalia jani: mishipa imekuwa ya njano au kahawia huku kati yake bado ni kijani. Ukiona hivyo ita mtaalamu wa miti, na uwaambie majirani. Mahali pasipo na ugonjwa huu rangi haihitajiki.

Majani yakianguka kwa wingi Machi, usishtuke. Mapya yanayasukuma ya zamani. Manyoya ya kijivu yanayoning'inia matawini, mmea uitwao Spanish moss, hayanyonyi mti, yameegemea tu.

Ukitaka kuanza na mbegu, okota za Oktoba au Novemba, uzitie kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea tupa, zimetobolewa na wadudu au zimekauka. Zilizozama zipande wiki hiyohiyo, maana mbegu hii hailali. Zilaze ubavu, kina cha sentimita 2 au 3, kwenye chungu kirefu, na ufunike kwa wavu wa waya. Kindi hawakawii.