Mbwa wa mgeni kala sumu ya panya kwako: nani alipe?

Mbwa kwanza, deni baadaye. Chukua pakiti ya ile sumu uliyoweka nyuma ya kochi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Kumtapisha husaidia saa chache za mwanzo tu, tena ni kazi ya daktari. Msimnyweshe maji ya chumvi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku 2 hadi 5, ndiyo maana watu husema "mbona yuko sawa" kisha ufizi unaanza kuvuja damu. Tiba ni vitamini K1, mara nyingi wiki 3 hadi 4. Hapo ndipo bili hunona.

Kisheria, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya inamtaka mwenye kukalia nyumba, hata mpangaji, achukue hadhari kwa mgeni na mali yake; mbwa ni mali. Ulijua anakuja na mbwa ukanyamaza? Lipa. Ulimwonya, naye akamfungua kamba? Mgawane, au alipe mwenyewe. Mkishindwana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Risiti zote zitunzwe.